Mwili wa Roboti si Kopo la Kutilia Betri

Kuna maoni yaliyoota mizizi katika shule na vyuo vya Machakos kiasi kwamba anayeyapinga huonekana mtu aliyeachwa na wakati. Yanasema hivi: roboti ni programu. Ukijua kuandika programu, umeijua roboti. Mota, nyaya na vitambuzi vinauzwa madukani, na ule mwili unaovibeba ni jambo la mwisho kabisa, la kumalizwa kwa kopo la majarini, kwa sanduku la viatu, au kwa vipande vilivyoagizwa kutoka ng'ambo vikiwa vimeshakatwa na kutobolewa. Mwenye uwezo zaidi atanunua printa ya 3D, abonyeze kitufe, asubiri.

Ninayapinga maoni haya tangu mwanzo hadi mwisho wake. Kazi yangu ni ya warsha, na vijana ninaoletewa ni werevu. Programu ya kuwasha na kuzima mota wanaiandika huku wakizungumza. Lakini ukiwapa bamba la plastiki na kuwaambia watoboe matundu manne yanayolingana na matundu ya mota hiyohiyo, wanatazamana. Hawakuzaliwa hivyo. Wamefundishwa, kwa maneno na kwa bajeti, kwamba kazi ile si yao.

Wanaoshikilia maoni haya si wajinga, na najua yalikopata nguvu. Mwaka 2016 serikali ilianza kupeleka tableti kwa watoto wa darasa la kwanza. Mwaka 2022 taasisi ya mitaala, KICD, iliidhinisha mtaala wa usimbaji kwa shule za msingi na za upili, na Kenya ikasifiwa kuwa ya kwanza barani kufanya hivyo. Huku kwetu, Konza iko hapo mpakani na Makueni, ekari 5,000 za uwanda wa Malili zilizotengwa kwa mji wa teknolojia ambao Rais Kibaki aliuzindua Januari 2013. Mzazi akiyatazama yote hayo kutoka kijijini Mua au Kathiani, anaona mlango mmoja tu wa kesho ya mwanawe, na mlango huo ni kioo cha kompyuta. Simlaumu mzazi. Nawalaumu waliomwambia kwamba upande wa pili wa mlango huo hakuna kitu cha kushikwa kwa mkono.

Tuanze na hesabu, maana ubishi mwingi juu ya jambo hili hufanywa na watu wasiopima. Chukua roboti ndogo ya magurudumu mawili, ya aina ambayo karibu kila klabu huanza nayo. Tuseme gurudumu la kushoto lina kipenyo cha milimita 60 na la kulia milimita 61. Kwa jicho tofauti hiyo huioni. Kila gurudumu likizunguka mara kumi, la kulia litakuwa limesafiri kama milimita 31 zaidi ya mwenzake. Ikiwa nafasi kati ya magurudumu hayo ni milimita 100, roboti iliyoamriwa iende moja kwa moja itakuwa imepinda kama nyuzi 18 kuelekea kushoto. Programu haina kosa hata moja. Iliamuru mizunguko kumi na ikapewa mizunguko kumi. Kosa limekaa kwenye milimita ile moja, na milimita hiyo haiandikwi kwenye kompyuta. Hukerezwa kwenye mashine, au husuguliwa kwa msasa, hadi magurudumu yalingane.

Vitambuzi vya kufuata mstari navyo hufanya kazi vikiwa milimita chache tu juu ya sakafu. Vikifungwa kwenye kadibodi inayolegea, kila mtikisiko huvipandisha na kuvishusha, na nambari zinazosomwa na programu hubadilika ingawa mstari ni uleule na mwanga ni uleule. Nimewaona vijana wakihangaika na nambari hizo jioni nzima. Wanaongeza nguvu ya mota ya kushoto, wanapunguza ya kulia, roboti inanyooka, wanashangilia. Betri ikishuka kidogo, inapinda tena, nao wanarudi kwenye kompyuta. Wameambiwa makosa hukaa kwenye programu, kwa hiyo ndiko wanakoyatafuta. Vernia, kile kifaa cha kupimia sehemu ndogo za milimita, ingewaonyesha ukweli kwa dakika moja, kama wangekuwa nayo, na kama kuna mtu aliyewahi kuwaambia kwamba mwili nao unaweza kukosea.

Hili ndilo jambo langu kuu, na nalisema bila kulizungusha: mwili ni sehemu ya akili ya roboti. Uamuzi kuhusu mahali pa kuweka betri, upana wa kati ya magurudumu, ugumu wa bamba na kimo cha kitambuzi ni kufikiri kamili, kunakofanywa kabla ya mstari wa kwanza wa programu kuandikwa. Ukifikiri vizuri hapo, programu inakuwa fupi. Ukikosea hapo, programu inageuka viraka.

Historia ya fani yenyewe inathibitisha hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1940, mjini Bristol, Uingereza, mtafiti wa ubongo William Grey Walter aliunda mashine mbili ndogo, Elmer na Elsie, ambazo watu walizoea kuziita kobe. Zilifuata mwanga, zilizunguka vizuizi, na betri ikipungua zilirudi kwenye kibanda chao chenye taa ili zichajiwe. Hazikuwa na programu. Ubongo wa kila moja ulikuwa na vali mbili, za aina iliyotumika kwenye redio za wakati huo. Zilijuaje basi kwamba zimegonga mguu wa kiti? Gamba lilijua. Lilitundikwa juu ya mashine kwa namna ambayo likiguswa linasogea na kufunga swichi, na swichi ile ikabadilisha mwendo wa mashine. Mtu angelichukulia gamba lile kuwa kifuniko tu cha kuzuia vumbi, kobe wale wangegonga ukuta na kubaki hapo wakisukuma.

Au tazama kazi ya Theo Jansen, msanii wa Uholanzi, ambaye tangu 1990 huunda wanyama wakubwa wa mabomba ya plastiki, yale ya kupitishia nyaya za umeme ukutani, na kuwaachilia ufukweni watembee kwa upepo. Kompyuta ilimsaidia mwanzoni kutafuta urefu wa kila kipande cha mguu, kisha ikawekwa kando. Mguu wenyewe unatosha. Plastiki iliyokatwa kwa urefu sahihi inatembea, na ikikatwa kwa urefu usio sahihi inaanguka, wala hakuna programu ya kuisaidia.

Sasa tuje kwenye plastiki, kwa kuwa hapo ndipo wapinzani wangu hudhani hakuna cha kujifunza. Katika sumo ya roboti, daraja dogo, mwili hautakiwi kuzidi sentimita 10 kwa 10 na uzito wote usizidi gramu 500. Kata bamba moja la vipimo hivyo lenye unene wa milimita 6. Likiwa la chuma litakuwa na gramu 470 hivi. La alumini, 160 na kidogo. La poliethilini nzito, 57. Aliyechagua chuma amebakiwa na gramu 30 za mota, betri, magurudumu na bodi ya saketi, yaani amekwisha kushindwa kabla ya kuingia ulingoni. Aliyechagua plastiki ana gramu zaidi ya 440 mkononi, na sasa anakabiliwa na swali lenyewe: uzito huo auweke wapi? Akiuweka juu, atapinduliwa. Akiuweka mbele mno, magurudumu ya nyuma yatateleza. Inabidi aushushe na kuukalisha juu ya magurudumu yanayosukuma. Mwalimu wa fizikia anaweza kuchora kitovu cha uzito ubaoni muhula mzima asipate usikivu anaoutoa mwanafunzi huyu kwenye meza yake mwenyewe.

Na plastiki hiyo haiagizwi mbali. Poliethilini nzito mara nyingi ndiyo ule ubao mweupe wa kukatia nyama na mboga unaouzwa supamaketi, ulionyooka, wenye unene ulio sawa kila upande. Ndiyo pia mtungi wa manjano wa mafuta ya kupikia ambao kila nyumba ya Ukambani imeutumia kuchotea maji. Ni laini kwa msumeno, haipasuki ikianguka, na huelea majini. Lakini ina tabia zake, na tabia hizo ni darasa. Haishiki gundi, kwa hiyo aliyezoea kubandika lazima ajifunze kufunga kwa bolti na kupanga bolti zipite wapi. Ncha ya drili iliyokufa makali haiikati bali huisugua. Kusugua huleta joto, na joto likikaribia nyuzi 130 plastiki huyeyuka na kujivingirisha kwenye chuma. Dawa yake ni ncha kali, mzunguko wa wastani na mkono unaosonga mbele bila kusita, hadi maranda yatoke marefu na laini. Ukiikaza kupita kiasi kwenye jiriwa, inabonyea. Utatoboa tundu la duara safi, na ukilegeza jiriwa bamba linarudi lilivyokuwa na tundu linapoteza uduara wake. Hutanuka kwa joto mara kumi au zaidi kuliko chuma. Bamba la sentimita 10 lililopimwa asubuhi ya baridi na kupimwa tena saa nane jua likiwaka linaweza kutofautiana kwa sehemu mbili za kumi za milimita, kiasi cha kutosha kuzuia bolti isiingie.

Akriliki, ile plastiki inayong'aa kama kioo ambayo mafundi wa mabango huikata kutengeneza herufi, ina hasira nyingine kabisa. Ncha ya drili iliyonolewa kwa ajili ya chuma hujichimbia ndani yake na kuipasua inapotokea upande wa pili. Fundi anayeijua hupunguza ukali wa makali hayo kwa jiwe la kunolea, ili ncha ikwangue badala ya kuchimba, na huweka ubao chini ya bamba. Tundu la bolti hulifanya pana kidogo kuliko bolti, ili kukaza kusizae ufa. Hata kuisafisha kuna adabu yake: spiriti ikipakwa kwenye ukingo uliokatwa karibuni inaweza kuleta nyufa ndogo ndogo siku hiyohiyo, na ile dawa ya kuzuia bolti isilegee huishambulia vilevile.

Bomba la maji la PVC hulainika kabla ya kufika nyuzi 100. Lipasue kwa urefu, lipashe joto polepole, lilaze kati ya mbao mbili na ulikandamize mpaka lipoe, nawe una bamba lisilo na gharama. Gundi ya mafundi wa mabomba huliunganisha vizuri. Ila lisiguswe na moto, wala lisipelekwe kwenye mashine ya leza, kwa sababu likiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayodhuru mapafu na kula chuma cha mashine yenyewe. Mwanafunzi asiyejua tofauti kati ya plastiki hizi tatu, na anayeziita zote "plastiki", ataliharibu bamba, ataiharibu mashine, au atajidhuru mwenyewe. Aliyezijua ameshasoma kemia, na ameisoma kwa namna ambayo hataisahau baada ya mtihani.

Mtu atasema: hayo yote yanahitaji mashine za bei kubwa. Hayahitaji. Mashine ya milingi ni nzuri ukiwa nayo, na ya kukereza pia, lakini usahihi ulikuwepo kabla ya umeme. Unanyoosha ukingo mmoja kwa tupa na skwea, kisha vipimo vyote vya bamba vinatoka kwenye ukingo huo huo mmoja. Ukipima tundu la pili kutoka la kwanza, na la tatu kutoka la pili, makosa madogo hujumlishana hadi la mwisho linapotea. Sahani mbili za pembeni zinazoshika ekseli usizitoboe moja moja. Zifunge pamoja, uzitoboe kwa mpigo mmoja. Hata mkono ukiteleza, zimeteleza sawa, na ekseli itakaa sawa. Watu wasioingia warshani hudhani usahihi hutoka kwenye mashine. Hutoka kwanza kwenye mpango wa kazi, na mpango huo huandikwa kwa penseli.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoniletea printa ya 3D kana kwamba imefunga mjadala. Printa ni chombo kizuri, na pale panapohitajika umbo la mviringo lenye vyumba ndani yake, nitaitumia mimi mwenyewe kwa furaha. Lakini plastiki inayotumika zaidi kwenye printa za shule ni PLA, nayo huanza kulainika ikikaribia nyuzi 60. Iache roboti ya PLA kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Machakos mjini mwezi wa Februari, urudi jioni uone kilichobaki cha umbo lake. Kipande kilichochapwa kwa matabaka pia hukatika kwa urahisi zaidi pale tabaka zinapokutana, na stima ikipotea kazi ikiwa nusu, mara nyingi unaanza upya. Haya ni mapungufu ya kifaa na yatapungua kadiri miaka inavyokwenda. Lililo kubwa zaidi ni kwamba kwenye klabu nyingi mchoro wenyewe hupakuliwa kutoka intaneti. Mwanafunzi hakuchora, hakupima, hakuchagua unene, hakukutana na ugumu wa kitu chochote. Amepokea mwili uliofikiriwa na mtu mwingine, kisha anasifiwa kwa kuujenga.

Vifurushi vya kuagiza vina tatizo hilohilo kwa kiwango kikubwa zaidi. Kila tundu limeshatobolewa mahali pake. Maamuzi yote yaliyonifanya nipende kazi hii, yaani wapi, kiasi gani, kwa nini hapa na si pale, yamefanywa ng'ambo na watu wanaolipwa kuyafanya. Mtoto wa Machakos amebakiwa na kukaza skrubu kwa kufuata picha. Wanaotetea vifurushi husema vinaleta usawa, kwamba kila mtoto anapata kilekile. Ni kweli anapata kilekile, hadi gia moja ivunjike. Hapo mtoto wa shule yenye pesa anaagiza nyingine, na wa shule ya Masinga roboti yake inapandishwa juu ya kabati na kukaa huko. Aliyekata mwili wake mwenyewe hukata mwingine kesho yake.

Chini ya maoni haya yote kuna dharau ya zamani, na afadhali tuitaje. Kazi ya mikono ilifanywa adhabu ya aliyefeli. Tulipoanzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985 tulisema mtoto atasoma useremala na ufundi wa chuma, kisha shule nyingi zikakosa karakana, na hatimaye masomo yenyewe yakapunguzwa. Mwaka huohuo, Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, waliokuwa wakigonga bati juani, akaamuru wajengewe mabanda. Jina la jua kali likaingia kwenye sera za serikali. Kwenye heshima ya nyumbani halikuingia. Mzazi bado humwambia mwanawe asome kwa bidii asije akaishia pale, na kijana anayeunda roboti anajitahidi sana asifanane na yule fundi, hata kama fundi yule ndiye mtu pekee mtaani anayejua kutoboa tundu lililonyooka.

Dharau hii inashangaza zaidi ikitoka Ukambani. Wahunzi wa Kikamba walisifika kwa minyororo myembamba ya shaba ambayo wageni walishindwa kuelewa imeungwaje. Wamunyu, hapa hapa kaunti ya Machakos, ilijulikana duniani kwa uchongaji wa vinyago. Chanzo chake husimuliwa kuwa Mutisya Munge, aliyerudi na ujuzi huo kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kutoka kwake ufundi ukaenea kijiji kwa kijiji hadi vikundi vya Nairobi na Changamwe. Mchongaji huyatazama maungo ya gogo kabla ya kulitia tezo. Anajua litapasuka upande gani, ugumu uko wapi, kipi kiondolewe kwanza na kipi kiachwe kishikilie kingine hadi mwisho. Huo ndio ujuzi uleule wa kupanga ukataji wa bamba la plastiki. Mihugu na mipingo imepungua, na wachongaji wengi wamehamia mwarobaini, mjakaranda na mwembe. Wamebadilisha mali ghafi, ustadi ukabaki.

Kama kuna anayedhani ustadi wa mti hauwezi kuhamia kwenye plastiki, na asafiri hadi Lamu. Huko Ali Skanda na mafundi wenzake waliunda dau la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, lenye urefu wa mita tisa hivi, na likafunikwa kwa makumi ya maelfu ya vipande vya ndala zilizotupwa. Taka ziliyeyushwa zikawa mbao na mataruma, kisha mafundi wakazichonga na kuziunga kwa mbinu za ujenzi wa majahazi. Mapema mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, kama kilomita 500 za bahari. Plastiki ile haikungoja mtaalamu wa kigeni aje kuielewa. Ilieleweka na watu waliokuwa wamekaa miaka wakiusikiliza mti chini ya shoka.

Hoja ya ajira huwa wanaiacha mwisho, wakidhani ndiyo nzito kuliko zote. Kazi ziko kwenye programu, wanasema; warsha haina mshahara. Waende Mavoko. Mji wake wa Athi River uko katika kaunti hiihii, na eneo la viwanda la EPZ limekuwepo tangu miaka ya 1990. Kila beseni, kila kizibo cha chupa, kila kiti cha plastiki unachokikalia kwenye harusi kimetoka kwenye kalibu ya chuma ambayo mtu aliichora, akaikata kwa mashine na kuing'arisha kwa mkono hadi plastiki iteleze ndani yake bila kukwama. Kalibu ikichakaa, kiwanda kinasimama. Kijana aliyekata mwili wa roboti kwa plastiki, akaona inavyotanuka, inavyojikunja na inavyong'ang'ania, amekwisha kuonja nusu ya tatizo la mtengeneza kalibu. Aliyeandika programu pekee anaanza sifuri.

Na nchi yetu ilishawahi kujifunza hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa Kasarani. Hayakufika sokoni. Kilichofuata ni Numerical Machining Complex, iliyoanzishwa 1994 kwenye karakana za reli jijini Nairobi: mahali pa kukata vyuma kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta. Waliokaa na mradi ule walielewa kwamba kuchora gari na kulikata ni kazi moja isiyotenganishwa. Mashine zile zinaongozwa kwa programu, naam, lakini programu hiyo huandikwa na mtu anayejua kisu kitafanya nini kikigusa chuma. Miaka 30 baadaye tunawafundisha watoto nusu ya kwanza ya sentensi hiyo na kuwapa cheti.

Suala la usalama ni la haki, na linajibiwa kwa utaratibu. Miwani ya kulinda macho kwa kila mtu aliyeko chumbani, hata asiyeshika drili. Nywele zifungwe, mikono mirefu ya shati ikunjwe, bamba lifungwe kwa jiriwa na lisishikwe kamwe kwa mkono. Madirisha yawe wazi. Jikoni mtoto wa miaka kumi anaachiwa kisu na moto, kwa sababu tuliamua ni lazima ajue kupika na tukakaa naye hadi akajua. Kukaa naye warshani kunawezekana pia.

Ninachotaka kinaweza kutekelezwa ndani ya muhula mmoja. Somo la ufundi wa awali limeshawekwa kwenye mtaala wa sekondari ya chini, kuanzia Gredi ya 7 hadi ya 9, na halina haja ya kuombewa ruhusa mpya. Mashindano ya roboti ya shule zetu yatoe nusu ya alama kwa mwili: kila kikundi kilete mchoro wenye vipimo, kieleze kwa nini kimechagua plastiki ile na si nyingine, na kikate angalau bamba kuu chenyewe, mbele ya mwamuzi mwenye vernia. Pesa za kununulia vifurushi vya kundi moja zinunue jiriwa, misumeno, tupa, drili ya kusimama na miwani ya darasa zima. Printa ije baadaye, ikija ikute watu wanaojua cha kuiagiza.

Wakuu wa shule huniambia walimu wa kazi hii hawapo. Wapo. Wako kwenye vibanda vya mabango karibu na stendi ya matatu, wakikata akriliki siku nzima. Wako kwenye karakana za kukereza vyuma nyuma ya soko, wako Wamunyu chini ya miti, wako Mavoko wakimaliza zamu ya usiku. Wengi wao wana watoto katika shule hizohizo.  Kaunti iwalipe waje kufundisha likizoni, kwa kiwango kilekile cha wakufunzi wa kompyuta, na iwaandikie barua ya mwaliko yenye mhuri.